Masomo ya master ya uhandisi wa programu yaanzie kwenye mlolongo wa jetoni

Mwaka 2023, kwenye kambi moja upande wa magharibi ya Goma, nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akingojea unga tangu saa kumi na mbili ya asubuhi. Jetoni yake aliifunga ndani ya pindo la kitenge. Alipofika mbele, kijana mwenye simu aliandika jina lake, akatazama kioo, akamwambia: «Mama, wewe umesha pokea.» Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mikono miwili na kusema: «Mutoto yangu, nimepokea nini? Angalia mikono yangu.»

Siku tatu baadaye tulielewa. Programu ya kompyuta iliyotunza orodha ile ilikuwa inatafuta watu walioandikwa mara mbili. Ililinganisha jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tunajua kwamba mtu akitoka kijijini bila karatasi, na hajui siku aliyozaliwa, karani anamwandikia tarehe 1 Januari. Sasa weka pamoja mambo haya: wanawake wawili, jina moja (nitaliita Furaha, kwani kila avenyu ya kwetu ina akina Furaha wanne), mwaka mmoja, wote wawili tarehe 1 Januari. Programu iliona mtu mmoja. Ikafuta mmoja. Aliyefutwa alikuwa na watoto watano, na nyumba yake ilipitisha mwezi mzima bila mgao.

Hakuna aliyeiba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwizi tungemfuata.

Nilimtafuta aliyeiandika programu ile. Ni kijana wa hapa hapa, mwenye diploma nzuri, mwenye adabu. Hakujificha. Aliniambia kwamba alipokuwa chuoni mwalimu alimpa majina kumi ya kufanyia majaribio, na majina yote kumi yalikuwa tofauti. Alipata alama 17 juu ya 20. Kwenye mlolongo wa jetoni hakuwahi kusimama hata siku moja kabla ya kuuandikia programu.

Nimekumbuka mambo hayo sababu hivi karibuni nilikaa kama mwandishi kwenye kikao cha chuo kimoja cha hapa Kivu, ambapo walimu wanatayarisha masomo ya master katika uhandisi wa programu za kompyuta. Chuo sitakitaja, maana kazi yao bado ni rasimu na wana haki ya kuisahihisha kwa utulivu. Nilipewa karatasi kama wengine. Kurasa nane za majina ya masomo na saa zake. Kwenye ukurasa wa nane, mstari wa mwisho kabisa: «mafunzo ya kazi na memwari». Basi. Mradi wa mikono ulikuwa mkia wa ng'ombe.

Kwa wale ambao watoto wao hawajafika huko, nieleze kidogo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeanza kuacha mpango wa zamani wa graduat na licence, na kuingia mpango unaoitwa LMD: licence ya miaka mitatu, master ya miaka miwili, kisha udaktari. Kazi ya mwanafunzi inahesabiwa kwa kredi, 60 kwa mwaka. Master ni kredi 120. Kwa hiyo swali kwa walimu wale si gumu kulielewa hata kwa mzazi anayeuza makala sokoni: katika kredi hizo 120, ngapi mtoto atakuwa anatengeneza kitu ambacho mtu mwingine anakitumia kweli?

Neno lenyewe, uhandisi wa programu, si la zamani. Lilipata nguvu mwaka 1968, kwenye mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, wakati wataalamu walipokiri kwamba programu kubwa zinachelewa, zinapita bei, na zinaanguka. Hawakusema kwamba watu hawajui kuandika programu. Walisema kwamba kuandika peke yake hakutoshi, kama vile kujua kupiga msumari hakukufanyi uwe mtu wa kujenga daraja. Frederick Brooks, aliyeongoza kazi kubwa ya programu kwenye kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 jambo ambalo kila msimamizi wa kazi hapa Kongo angepaswa kulibandika ukutani: mradi uliochelewa, ukiuongezea watu, unachelewa zaidi. Wale wapya wanahitaji kufundishwa, na wanaowafundisha ndio wale wale waliokuwa wanafanya kazi.

Na kuna kosa moja linalofundishwa karibu kila mahali. Kati ya mwaka 1985 na 1987, kule Marekani na Kanada, mashine ya kutibu kansa kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi mingi kupita kiasi, na wengine wakafa. Makosa yalikuwa ndani ya programu. Waliojaribu mashine ile kabla hawakuibonyeza kwa mwendo wa haraka ambao mfanyakazi aliyezoea huibonyeza. Mama Furaha wetu hakufa. Lakini ni ndugu wa kosa hilo: aliyetengeneza hakujua mkono wa anayetumia.

Kosa la namna hiyo halijifunzwi kwa kunakili ubao. Nilimjua fundi mmoja wa chukudu kule Kibumba; hakuwahi kumwuzia mtu chukudu kabla yeye mwenyewe hajaipakia viazi na kuteremka nayo. Alisema mti unadanganya ukiwa bado haujabeba kitu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nimeyasema mbele ya walimu kabla ya kuyaandika hapa. Mradi usiwe mkia. Uanze muhula wa kwanza, na uende mpaka wa nne. Kama wangeniuliza kiasi, ningesema kredi 45 kati ya 120: 10 katika kila muhula wa mitatu ya kwanza, na 15 katika wa mwisho, memwari ikiwa ndani yake. Masomo mengine yabaki, hesabu zake na nadharia zake, lakini yapangwe kufuata mradi. Wiki ambayo kundi linahangaika na majina yanayofanana, ndiyo wiki ya kufundisha jinsi ya kulinganisha majina. Wiki ambayo data zimepotea, ndiyo wiki ya kufundisha akiba. Mwanafunzi aliyeumia anasikiliza vizuri.

Profesa mmoja aliinuka akasema, kwa heshima lakini kwa ukali, kwamba master ni ya kufikiri, na kazi za mikono ziachiwe vyuo vya ufundi. Nilimsikiliza, kwani ana hoja nusu. Nchi yetu ina haja ya watu wanaofikiri. Lakini Carnegie Mellon kule Pittsburgh, ambayo hakuna anayeidharau, ilianzisha master ya uhandisi wa programu mwaka 1989, na moyo wa masomo yale ukawa mradi mrefu wa kikundi unaofanyiwa mteja wa kweli, walimu wakisimama pembeni kama washauri. Aalborg, Denmark, walijenga chuo kizima juu ya miradi tangu 1974. Na mwongozo wa kimataifa wa master za namna hii, uliotolewa mwaka 2009, unataka mwanafunzi amalize kwa mradi unaokusanya yote aliyojifunza. Mwongozo huo unatazamia pia kwamba anayeingia master awe na angalau miaka miwili ya kazi. Hapa ndipo tofauti yetu. Watoto wetu wanatoka licence moja kwa moja, bila hata siku moja ya kazi, kwa sababu kazi haipo. Kama hawakuipata nje, lazima waikute ndani ya masomo, na mapema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya walimu hata kwa neno moja, na ambalo mimi ningelipigania kuliko yote. Nenda kwenye maktaba ya chuo chochote cha mji wetu. Utakuta memwari za informatika zimepangwa, majalada mekundu na ya buluu, herufi za dhahabu. «Kuweka mfumo wa kompyuta wa kusimamia wagonjwa katika hospitali fulani.» Mwaka uliofuata, mwanafunzi mwingine: hospitali ile ile, wagonjwa wale wale, mfumo mwingine. Nenda hospitalini sasa. Muuguzi anaandika ndani ya kaye ya mistari, kwa biki. Mwanafunzi alikuja na kompyuta yake ndogo, akaonyesha, akapigiwa picha, akaondoka na kompyuta yake. Programu ilizaliwa siku ya juri na kufa jioni yake, pamoja na fanta na biskuti.

Kwa hiyo ningeweka sheria moja: promosyo ya pili isiruhusiwe kuanza kitu kipya. Miezi yake ya kwanza ipokee kazi ya promosyo iliyotangulia, iisome, ipate makosa yake, iyatengeneze, huku watu wanaendelea kuitumia. Wanafunzi watalia. Kusoma maandishi ya programu ya mtu mwingine ni kama kuingia jikoni kwa mama mkwe. Hujui chumvi iko wapi na huna haki ya kuuliza kwa sauti. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya maisha ya mhandisi wa programu ni kutengeneza vilivyokwisha andikwa. Na promosyo ya kwanza, ikijua kwamba kaka na dada zao watakuja kuwahukumu, itaandika maelezo vizuri na haitaacha siri ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Hapo naona pia jibu kwa wanaosema hatuna pa kuanzia. Takwimu za afya za nchi yetu, kutoka zone za afya 519, zinakusanywa kwa programu inayoitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Maandishi yake yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma na kuyaongezea bila kulipa. Mwanafunzi wa Bukavu au wa Butembo anaweza kukaa na mtu wa zone ya afya anayejaza ripoti kila mwezi, akaona ni wapi anakwama, akatengeneza kipande kidogo kinachomsaidia. Kipande kidogo kinachofanya kazi. Mimi ningempa huyo alama kuliko aliyebuni mfumo wa hospitali tano ndani ya picha za PowerPoint.

Kuhusu umeme na intaneti, malalamiko niliyasikia nusu saa nzima. Ni ya kweli. Lakini nadhani wameyashika kwa upande usio wake. Umeme unakatika kwa mwanafunzi, na unakatika pia kwa muuguzi wa Minova na kwa karani wa kambi. Programu ambayo haiwezi kubaki hai simu ikipoteza mtandao, kisha ikaunganisha data zake mtandao unaporudi bila kufuta ya mwenzake, si programu ya hapa. Basi siku ya mtihani, mwalimu azime umeme katikati, kwa makusudi. Achukue simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka. Ampe mama ambaye hakumaliza shule ya msingi aijaribu, na mwanafunzi akae kimya, mikono mgongoni, asimwelekeze. Dakika kumi za kimya hicho zinafundisha kuliko silabusi nzima, na silabusi mnajua bei yake.

Alama zigawanywe namna gani, ikiwa watu sita wamefanya kazi moja? Wazazi wanaogopa, na wana haki, kwamba mtoto wao atavuta mzigo na wavivu watapata diploma. Vifaa vinavyotunza historia ya kazi, kama Git aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, vinaonyesha nani aliandika nini na siku gani. Si mizani kamili. Kuna anayeandika kidogo lakini ndiye aliyeenda kuongea na watu na kuleta ukweli. Kwa hiyo pamoja na historia hiyo, kila mmoja aitwe peke yake, afunguliwe sehemu ambayo mwenzake aliiandika, aulizwe: hii inafanya nini, na inaweza kuharibika wapi? Mvivu atajulikana ndani ya dakika tano.

Na kwenye juri, kiti kimoja kiwe cha anayetumia. Muuguzi. Mama wa ushirika wa kahawa. Prezida wa kamati ya wahami. Awe na sauti ya kweli, na alama zake zihesabiwe. Nilipotaja hilo, watu wengine walicheka. Sikuona kichekesho. Halafu wawepo vijana wanaofanya kazi hii mjini kila siku, hata kama hawana udaktari. Kuna mabinti na vijana hapa wanaolisha familia kwa kutengeneza programu, na chuo hakiwezi kuwapa hata nusu siku ya kufundisha kwa sababu karatasi yao haifikii cheo. Watupate kwa njia nyingine: waitwe washauri, walipwe usafiri na kitu kidogo. Profesa afundishe sababu, hao wafundishe mikono.

Lakini hapa nisimame, kwani kuna hatari, na nyinyi mliohama mnaijua kuliko mwalimu yeyote. Orodha ya wahami si orodha ya viazi. Ina jina, kijiji ulichotoka, namba ya simu, watoto wangapi, mume yuko au hayuko. Katika nchi yenye vita, karatasi hiyo ikianguka mkononi mwa mtu mbaya, inajua wapi pa kugonga mlango. Mradi wa wanafunzi ukiingia kambini kwa pupa, utatoka na flash iliyojaa majina, na flash itapita kwa rafiki, kwa sibere, kwa motari aliyeazima kuchomeka muziki. Nchi yetu ina Code ya numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna vifungu vya kulinda data za mtu binafsi. Somo hilo liwe la kwanza, kabla ya lugha yoyote ya kompyuta, na lisifundishwe kama sheria ya kukariri. Wanafunzi wafanyie majaribio majina ya kubuni tu. Watengeneze wenyewe akina Furaha elfu moja waliozaliwa tarehe 1 Januari, akina Bahati wa kiume na akina Bahati wa kike, mapacha, wajane waliobadili jina, watu ambao karani mmoja anaandika jina lao kwa «c» na mwingine kwa «ch». Hapo ndipo kosa lile la 2023 lingekamatwa, tena bila kugusa jina la mtu hata mmoja aliye hai.

Ndiyo maana nadhani miradi ya mwaka wa kwanza isiende kambini kabisa. Ianzie kwenye madeni ya kantini, akiba ya dawa ya kituo cha afya, zamu za bomba la maji, vitabu vya shule. Hapo kosa linaudhi bila kuua. Anayeonyesha kwamba anajua kutunza, mwaka wa pili apewe kitu kizito zaidi, akiwa na mwalimu pembeni.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la pesa. Mzazi analipa minervali. Mtoto anatengeneza programu bure. Shirika kubwa lenye magari meupe linaipokea na kushukuru kwa cheti. Hapana. Shirika lenye bajeti lilipe, hata kama ni umeme wa jua wa maabara na vifurushi vya intaneti vya kundi lile. Wasio na kitu, kama kituo cha afya cha kijiji, ndio wahudumiwe bure. Niliuliza swali hilo kikaoni na jibu lilikuwa kwamba litaangaliwa. Nimeliandika tarehe yake.

Kambi ile ya mama Furaha haipo tena. Kambi za pembeni mwa Goma zilivunjwa Februari 2025, na watu wakatawanyika, wengine wakirudi kwenye nyumba zisizo na paa. Simu yake inapita siku moja, siku nyingine haipiti. Mara ya mwisho alinieleza kwamba huko alikofika wameandika watu upya, na karani alimwuliza tarehe ya kuzaliwa. Alijibu hajui. Karani akaandika 1 Januari.

Walimu wa chuo kile watakaa tena kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na wamekubali nilete maoni ya watu. Kama uliwahi kufutwa kwenye orodha, kuandikwa jina lisilo lako, au kuambiwa umepokea wakati hujapokea, nitumie ujumbe wa sauti kama kawaida. Usitaje kambi wala namba ya jetoni. Sema tu kilichotokea na jinsi kilivyotokea, nitawasikilizisha.